Sukari Isiyo ya Chai

Maretadu,
11 Agosti 2025

Fausta mwanangu,

Marahaba. Najua umeniamkia hata kabla ya kufungua bahasha, na kama hujaniamkia, fanya hivyo sasa ndipo uendelee kusoma.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara tatu. Kumbe maumivu ya mkojo yamerudi, na hii ni mara ya tatu tangu ushike mimba! Umesema vidonge vya zahanati ulimaliza vyote, ukapona, ukaugua tena. Umesema pia kwamba hurudi pale kwa sababu yule dada wa dawa ni rafiki wa wifi yako, na alishakuambia UTI ya kujirudia haiishi mpaka mume naye aje apimwe, na ukaona neno hilo likifika nyumbani watasema umewaletea ugonjwa wa uhuni kutoka kwetu milimani. Nimekuelewa. Nilisema miaka minne iliyopita kwamba kuolewa Hirbadaw, kwa wafugaji wasiotujua wala sisi hatuwajui, si mchezo. Sirudii. Nimestaafu kurudia somo.

Ila mwaka jana mimba ilitoka, na hii imeingia mwezi wa sita. Hii lazima ifike. Ndiyo maana nilipanda gari mpaka Mbulu mjini, kwenye duka la dawa anakouza dada yako Glory. Usiogope, sikukutaja. Nilimwambia mgonjwa ni mimi.

Akanitolea vitu vya namna tatu. Cha kwanza vidonge vyekundu vya tunda la Ulaya linaitwa kranberi. Nikakataa, kwa sababu mtu akiona kidonge lazima aulize. Cha pili juisi ya unga ya tunda hilohilo, lakini Glory mwenyewe akasema sukari ndani yake ni nyingi kuliko tunda. Cha tatu ndicho hiki. Ni sukari, Fausta! Nimeilamba, ni tamu. Lakini Glory anasema si sukari ya chai. Mwili hauna haja nayo, inapita tu na kutoka na mkojo, na vile vijidudu vinaishika yenyewe badala ya kushika kibofu, vinatoka nayo. Jina lake linaanza na herufi D, na mengine yote yananishinda.

Sasa, kopo lake lilikuwa na picha ya mwanamke ameshika tumbo la chini na uso umemkunjamana. Mama mkwe wako hajui kusoma, lakini picha ile angeisoma vizuri sana. Kopo nimelitupa chooni. Unga nimeutia kwenye mfuko wa sukari ya kawaida na kuufunga kwa uzi. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji, asubuhi na jioni. Ukiulizwa, sema ni sukari. Hutakuwa umedanganya.

Judica anashuka kesho na maharage yake mnadani kwenu, atakukabidhi mkononi.

Shangazi yako,
Genoveva


Mbulu mjini,
19 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekupigia mpaka nimechoka, ndipo nikakumbuka kwamba simu yako ilitumbukia kwenye ndoo ya pumba. Nunua nyingine bwana, mambo ya barua yananirudisha shule ya msingi.

Unaendeleaje? Siku ile dukani kulikuwa na foleni na sikukuuliza ninavyotakiwa. Je, mkojo ulipimwa, au ulijipima mwenyewe kwa kuhisi? Mtu wa umri wako anayeugua UTI kila mwezi anatakiwa apime na kisukari, kwa sababu wakati mwingine chanzo ni hicho. Na nisikufiche, ile D-mannose watu hawajaelewana juu yake. Nina mteja anaisifia kila akija. Lakini wako wataalamu walioipima kwa wanawake wengi wakaona waliokunywa na wasiokunywa waliugua sawasawa tu. Kwa hiyo ichukue kama kinga ya kujaribu. Ugonjwa ukiwa umeshaingia, sukari hiyo haiutibu, unahitaji antibayotiki ya daktari.

Ndani ya kopo kuna karatasi imekunjwa. Isome yote, tafadhali. Imeandikwa wenye kisukari na wajawazito waongee na daktari kwanza. Mimba wewe haikuhusu, ila kisukari kinakuhusu.

Mwanao,
Glory


Maretadu,
23 Agosti 2025

Glory,

Marahaba. Mkojo wangu uko salama, asante kwa kuuliza mbele ya kondakta aliyeileta barua yako ikiwa wazi. Nakunywa asubuhi na jioni. Karatasi nimeisoma, na asante pia kwa kunikumbusha kwamba mimi ni mzee.

Nauliza tu, maana mwalimu haachi kuuliza: huyo mjamzito anaambiwa aongee na daktari kwa sababu gani? Kitu kina madhara, au ni tahadhari za wazungu? Kuna jirani yangu hapa anataka kujua.

Nitumie na kopo la pili.

Shangazi


Hirbadaw,
26 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mzigo niliupata siku ileile. Dawa inafanya kazi, usihangaike juu yangu. Mtoto anacheza sana, hasa nikilala chali.

Clement amehamishia ng'ombe Yaeda Chini kwa sababu ya majani, na simu ameondoka nayo, ndiyo moja tuliyo nayo hapa. Kule mtandao hakuna, kwa hiyo ukisikia kimya usishtuke. Mama mkwe anakusalimu.

Nyingine usitume, hii inatosha.

Wako,
Fausta


Hirbadaw,
26 Agosti 2025

Dada Glory,

Shikamoo. Barua hii nimempa Judica kando na ile ya Shangazi, na ameapa kutozichanganya. Usimwambie Shangazi neno hata moja.

Ile sukari mliyomuuzia si yake. Ni yangu. Mimi ndiye mgonjwa, na nina mimba ya miezi sita. Nadhani hakukwambia. Na wala haikunifikia kinywani, dada. Imenywewa na wazee wa boma.

Nikueleze ilivyokuwa. Judica aliponipa mfuko pale mnadani, mama mkwe alikuwa bega kwa bega na mimi. Akauliza ni nini. Nikasema kama nilivyoagizwa, ni sukari imetoka kwa Shangazi. Laiti ungemwona! Alifurahi mpaka akanishika mkono. Miaka minne hakuna kitu kilichotoka kwa Shangazi kuja kwake, hata salamu. Siku nilipoolewa Shangazi hakuja, na mama huyu alikuwa amemtengea kiti. Akasema, "Kumbe ametukumbuka." Akauchukua mfuko akaufungia kwenye sanduku lake. Hapa sukari haikai kwa mke wa mtoto. Inakaa kwa mama, na ufunguo uko shingoni mwake. Kitu kitamu kikiingia kwenye boma ni cha boma zima, na ukila peke yako ni aibu kuliko kuiba.

Nikasema nitamwomba kijiko polepole. Alhamisi ile wakaja wazee kumi na mmoja kwa kesi ya kisima. Mama akafungua sanduku akasema leo wageni watakunywa sukari ya wakwe. Nilichemsha chai mwenyewe. Nilisimama pale na kijiko, nikasema moyoni sema sasa, nikakoroga tu. Ningesema nini? Mzee mmoja akaonja, akasema sukari hii imelala, ongeza. Nikaongeza. Wengine nao ongeza, ongeza. Nusu ya mfuko ikaisha.

Basi mchana matumbo yakaanza kunguruma. Wazee wanne walikwenda porini na kurudi na kwenda tena, na mmoja aliondoka moja kwa moja akasahau hata fimbo yake. Kesi ilivunjika bila hukumu. Nacheka nikiandika, lakini si cha kucheka, kwa sababu sasa watu wanasema sukari ya milimani ilikuwa na kitu ndani yake. Mama mkwe ameifungia iliyobaki. Alisema neno moja tu: "Nataka kujua nimewalisha nini wageni wangu." Tangu siku hiyo ananitazama. Anamsubiri Clement arudi ndipo niulizwe.

Sasa niambie, dada, nifanye nini? Nikisema ni dawa, wataniuliza dawa ya nini. Nikisema ya mkojo, basi nimewanywesha wazee wa watu dawa ya mkojo wa wanawake kwa mkono wangu huku nikiwaangalia. Nikikaa kimya, ni sumu. Nimechanganyikiwa kabisa, sioni pa kutokea.

Na ugonjwa umerudi tangu tarehe ishirini. Mkojo unachoma, na ubavu wa kushoto kwa nyuma unauma. Asubuhi nyingine natetemeka kama mtu wa malaria. Je, nikipata hata kijiko kimoja cha ile iliyobaki, kitanisaidia? Na je, mzee anaweza kufa kwa sababu yake?

Mdogo wako,
Fausta


Mbulu mjini,
6 Septemba 2025

Fausta!

Barua yako imenifikia leo, siku kumi na moja baada ya kuiandika. Judica aliugua mafua akaishikilia. Nimeisoma nimesimama, wateja wananiangalia.

Kwanza achana na hiyo sukari. Hakuna mzee atakayekufa. Ukizidisha, tumbo linaharisha, basi, na wao walizidisha. Lakini wewe haitakusaidia, hata ukipata mfuko mzima. Ilikuwa ya kujaribu kuzuia, tena si kwa mjamzito kujichagulia nyumbani. Mkojo unaochoma, ubavu unaouma, na kutetemeka, hapo ugonjwa umepanda kwenye figo. Hiyo ni hospitali. Si zahanati, si kesho, si mpaka Clement arudi. Wataotesha mkojo maabara wajue ni kijidudu gani, na watakupa antibayotiki inayomfaa mjamzito. Usipokwenda, mimba inaweza kutoka na wewe mwenyewe unaweza kufa. Nakuandikia wazi hivi kwa sababu huku kwetu tumezoea kuzungukazunguka.

Na sikiliza: UTI si ugonjwa wa uhuni. Mjamzito yeyote anaweza kuupata, hata mke wa mchungaji. Yule wa zahanati alikosea kukueleza vile. Mwambie mama mkwe wako. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Kama unamwogopa, mwambie huku unamwogopa, lakini mwambie.

Nimempigia Clement mara sita, hapatikani. Mwenye duka amesafiri, siwezi kufunga. Judica anapita Maretadu Jumatatu, mnadani kwenu anafika Jumanne. Siku tatu! Shangazi simwambii kwa sababu umeniomba, ingawa nina hasira naye. Alisimama mbele yangu hapa akajishika kiuno na kusema "aaah, unachoma", na mimi nikamwamini.

Nenda leo.

Dada yako,
Glory


Maretadu,
8 Septemba 2025

Fausta mwanangu,

Marahaba. Umeandika "nyingine usitume", nami nikacheka, nikasema mtoto huyu nimemlea mwenyewe na adabu zake nazijua. Anayesema asiongezewe ndiye mwenye njaa. Kopo la pili alilonitumia Glory hili hapa, ndani ya mfuko wa sukari kama mara ya kwanza.

Nimefurahi dawa inafanya kazi. Unaona? Watu wanakimbilia hospitali kwa kila kitu. Glory alinitia wasiwasi na maneno yake ya "wataalamu hawajaelewana", nikalala vibaya siku kadhaa. Kisha barua yako ikaja na kunituliza. Ajabu ni kwamba tangu juzi hanijibu. Nilimtumia salamu kwa Judica, Judica akaniangalia kwa jicho la pembeni, akasema "Glory hajambo" na kuanza kupanga magunia. Sijui watu wamekuwaje. Au nimekosa jambo? Kama unajua, niambie.

Hiyo salamu ya mama mkwe wako nimeipokea. Sikuitegemea. Mpe na yangu, ila usiipambe sana.

Kunywa maji mengi.

Shangazi yako,
Genoveva


Hospitalini,
21 Septemba 2025

Kwa Shangazi wa Fausta,

Ninayesema ni mama yake Clement. Anayeandika ni muuguzi Oliva, ambaye amezaliwa karibu na kwetu na lugha yetu anaijua. Nimemwambia aandike nilivyosema na asipake asali.

Fausta yu hai. Mtoto wake yu hai. Nimeanza na hayo ili usiyatafute chini.

Jumatatu ya tarehe nane nilimkuta nyuma ya zizi amejikunja, anatetemeka, mwili unaunguza. Sikuuliza kitu. Niliita pikipiki, nikamweka katikati, nikamkumbatia kwa nyuma mpaka huku, na njia yetu unaisikia tu. Daktari alisema ugonjwa wa mkojo umeingia kwenye figo. Walimtundikia dripu. Siku ya tatu uchungu ukaja kabla ya wakati. Ni mtoto wa kike, kilo moja na robo. Njiti. Hapa hawamweki peke yake, wanasema akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Fausta hana nguvu bado, dawa inaendelea. Clement alikuja, akalia, akarudi kumwachia mdogo wake ng'ombe. Kwa hiyo kifua ni changu.

Judica aliacha barua mbili na mfuko kwa binti yangu, naye akavileta huku pamoja na nguo. Nikadhani ni salamu, zitamfurahisha mgonjwa. Nikamwomba Oliva anisomee, maana Fausta alikuwa hajitambui. Akasoma ya Glory, akafika mahali akataka kuikunja karatasi. Nikamwambia soma yote. Akasoma na yako. Nikakaa hapo na mjukuu wangu kifuani, nasikiliza watu wanavyoniogopa.

Mama, mimi nimezaa tisa, na wanne nimewazika. Ugonjwa huo naujua. Mimba ya Clement mwenyewe nilikuwa nikienda haja nauma kanga nisilie. Hakuna aliyenifukuza, na mimi sijamfukuza mtu. Ulitoa wapi habari kwamba nitamfukuza mke wa mwanangu kwa sababu anaugua? Hujawahi kufika kwangu. Hujawahi kunisikia nikiongea.

Ungeniambia ni dawa, ningeifungia kwenye sanduku lilelile na kumpa kwa mkono wangu asubuhi na jioni, na asiyehusika asingeigusa. Uliniambia ni sukari. Kwetu sukari ni ya wageni. Niliwapa wageni, tena kwa kujivuna, nikitaja jina lako.

Na langu nalisema. Baada ya wazee kuugua nilimtazama yule mtoto wako Fausta vibaya karibu mwezi mzima. Nilidhani wewe umenifanyia ubaya na yeye anajua. Nilikuwa nikimwona anatembea ameinama, nikasema ni hatia hiyo. Kumbe ni ubavu. Hilo silali nikilifikiri, na sikupi wewe ulibebe.

Wazee nimewapelekea habari kwamba walikunywa dawa ya mkojo wa wanawake. Nilitegemea matusi. Mmoja amejibu kwamba tangu siku ile anakojoa vizuri, anauliza kama ipo nyingine.

Mimi bado sijaelewa ile ni dawa au si dawa. Nimemuuliza daktari wa kwanza, akasema labda husaidia wengine. Nimemuuliza wa pili, akasema haina lolote. Basi hata wao. Ule mfuko wa pili nimempa Oliva autupe.

Fausta ameanza kuongea tangu jana. Amekuuliza wewe. Usitume kitu tena kwa Judica. Njoo. Nina siku kumi sijalala chali, mgongo umekataa, na mtoto anahitaji kifua kingine.

Mama Clement
(dole gumba lake hapa chini)


Hospitalini,
23 Septemba 2025

Kwa Mama Clement,

Nimeandika "Shikamoo", nikafuta. Nimeandika "Habari za huko", nikafuta. Karatasi hii ni ya tatu. Miaka minne tumekuwa wakwe na sijawahi kuuliza kama wewe ni mkubwa wangu au mdogo wangu. Jina lako pia silijui. Nimewafundisha watoto wa watu salamu kwa miaka thelathini na mbili, na leo sijui nikusalimie vipi.

Basi shikamoo. Hata kama nimekosea kwa umri, nilikuwa na deni la kukupa shikamoo hiyo.

Sukari ile ilikuwa na kopo, kopo lina karatasi, na karatasi imeandikwa mjamzito aongee na daktari. Mimi ndiye niliyeitupa chooni bila kuisoma. Glory aliponiandikia niisome, nilimjibu nimeisoma. Fausta alisema uongo kwako kwa sababu nilimwandikia auseme, na mimi nilimfundisha tangu akiwa mdogo kwamba anachoandika Shangazi ni kweli. Nilisema namficha kwa watu wako. Nimewaza njia nzima ndani ya gari nikaona sikuwa najua lolote juu ya watu wako. Nilikuwa na hasira tu kwamba alinyanyuka akaenda mbali, na mimi sina mtoto mwingine. Yeye ni wa kaka yangu, lakini nilimlea mimi. Sikuzaa.

Kwa hiyo mtoto wa kilo moja na robo sijawahi kumshika. Naogopa. Nimevaa blauzi ya vifungo kwa mbele, Judica ndiye aliyeniambia. Sijui mkono unakaa wapi, sijui kichwa chake kinaegemea upande gani, na sijui kama kifua cha mtu ambaye hakunyonyesha kinamfaa. Utanifundisha.

Barua hii nimeiandika hapahapa na kumpa Oliva akusomee kabla hujaniona, kwa sababu najijua, nikiingia nitaanza kuongea na kueleza na kuwafundisha hata wauguzi kazi yao. Nataka uyasikie haya nikiwa nimenyamaza. Nitukane kwanza kama unataka, sitajibu, ukimaliza ndipo unipe mtoto.

Sina mfuko mkononi. Niko nje, kwenye benchi la karibu na mlango, nitaisikia sauti ya Oliva ikisoma.

Genoveva